Mkanda Ulioungua

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mapema nitazunguka mpaka mnichoke. Niliunguza mkanda wa picha wa Fundi. Mchana kweupe, kwa bega langu hili, nikiwa nimekumbatia mfuko wa vitunguu. Kwa miaka tisa baada ya siku ile nilimwuliza jambo moja tu: mkanda ule ulikuwa na picha za nani, nikamwangukie mwenyewe nimwombe radhi? Na kwa miaka tisa Fundi alinijibu maneno yaleyale: "Mwenyewe hajalalamika, jirani." Ukimbana zaidi anachukua kitambaa chake na kuanza kufuta lenzi isiyo na hata chembe ya vumbi.

Tulikuwa na kibaraza kimoja pale Ipogolo, Iringa, yeye mlango wa kushoto, mimi na cherehani yangu mlango wa kulia, mbele yetu barabara kuu na malori yake. Watu walimwita Fundi Picha. Mimi nilimwita Fundi tu, na jina lake la ubatizo nilikuja kulisikia siku moja kwenye harusi, nikageuka kumtafuta huyo mgeni anayetajwa. Alikuwa mrefu, mkavu, vidole vya mkono wa kulia vimegeuka rangi ya chai kwa ajili ya dawa za kusafishia picha. Sweta lake lilikuwa moja, la kijani, Januari mpaka Desemba. Nimelitia viraka mara nne kwa mkono wangu, na kila nikimrudishia alilipokea kwa mikono miwili akishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, jirani, ndaga fijo," kama vile nimemshonea suti ya harusi. Hapo ndipo ungejua katokea upande wa Mbeya.

Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Konda anayo, muuza nyanya anayo, mimi mwenyewe ninayo. Fundi aliendelea na ile ya mkanda, picha thelathini na sita halafu basi, na zile thelathini na sita hakuzitumia ovyo. Mtu mmoja, picha moja. Nakumbuka binti mmoja alikuja na joho lake la mahafali, kapambwa kope mpaka zinamgusa nyusi. Akasema, "Fundi, si upige hata kumi, halafu tuchague?"

Fundi akamtazama kwa upole kabisa. "Kwani una nyuso kumi?"

Akamkalisha kwenye kigoda, akanyoosha pazia, halafu akatoka nje kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Atakukalisha, atakuacha. Utajitengeneza, utajivimbisha, utatabasamu peke yako kama mwehu, mpaka uchoke. Akirudi anakugawia nusu ya hindi, anauliza mvua huko kwenu imenyeshaje. Wewe unatafuna, unasahau umefuata nini, na hapo ndipo unasikia *kacha*. Binti akaruka: "Jamani! Sijajiandaa!" Fundi akasema, "Ndiyo hivyo," akafunika lenzi. Yule binti aliondoka na kinyongo. Wiki iliyofuata alikuja kuchukua picha, akaitazama muda mrefu pale barazani, akaniuliza mimi, si Fundi: "Dada, hivi mimi ndivyo nilivyo?" Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akaondoka ameishika kifuani.

Msidhani alikuwa mtu wa kudharau simu. Hapo ndipo alipokuwa akinichekesha. Mtu huyohuyo aliyeweza kukaa siku nzima akisubiri wingu lipungue ndiye aliyekuwa wa kwanza kila asubuhi kututumia maua yanayometameta, kikombe cha kahawa kinachotoa moshi, na maandishi ya "Amka na Baraka". Maua ya rangi ya waridi, tena yanazunguka! Nikamwambia, "Fundi, wewe na ufundi wako wote, unatutumia takataka hizi?" Akasema hayo si picha, hizo ni salamu, na salamu haihitaji ufundi, inahitaji kufika. Na picha za pasipoti alipiga kwa kamera ndogo ya kisasa, shuka la bluu nyuma, dakika tano umeondoka, bila aibu yoyote. Mtu wa pasipoti anataka kusafiri, alisema, usimcheleweshe.

Ila chumba chake cha giza kilikuwa jambo jingine. Kilikuwa nyuma ya studio, zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na panya walikijua kuliko alivyokijua yeye. Alikuwa ameziba kila ufa kwa gazeti na gundi ya unga. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Iringa mnaijua, dawa zake zilikataa kufanya kazi. Basi utamwona asubuhi amechutama kibarazani, jiko la mkaa mbele yake, sufuria ya maji juu, chupa za dawa zimekaa ndani ya maji kama mayai. Anachovya kiwiko kupima joto, vilevile tunavyopima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Wateja wangu walimcheka. Mwanzoni nilicheka pia, sitadanganya.

Sasa kosa lenyewe. Nilikuwa nimekwenda Ruaha Mbuyuni, wiki nzima, kwa dada yangu anayelima vitunguu. Nimeteremka kwenye basi pale Ipogolo mchana, nimechoka, lakini nina furaha, nina mfuko wa vitunguu vya jirani yangu. Studio iko wazi, mtu hayupo. Mlango wa nyuma umefungwa. Nikapiga hodi.

"Jirani, subiri!" akasema kutoka ndani.

Nyie, mimi ni Mhehe. Kwetu hatusalimii mlango. Mtu umetoka safari, siku saba, halafu usimame nje uongee na mbao? Salamu ni macho kwa macho, mkono kwa mkono, na uinamie kidogo. Na mwenyeji akikwambia subiri, tunajua anataka tu kukupangusia kigoda, kwa hiyo unaingia umwambie usijisumbue. Ndivyo nilivyolelewa. Nikausukuma mlango kwa bega. "Kamwene!"

Jua la mchana likaingia nami. Fundi alikuwa amesimama katikati ya kile chumba, mkononi ana gurudumu dogo la plastiki, na mkanda umening'inia nusu, mweusi, unang'aa. Sikujua ninachokiona. Aliniangalia, akauangalia mkanda, halafu akaniangalia tena. Na mtu huyu, sikilizeni, akasema:

"Kamwene. Za safari?"

"Njema tu. Hapa umeshindaje?"

"Salama. Vitunguu vimekubali mwaka huu?"

"Vimekubali, Fundi, mpaka dada anatafuta magunia. Nimekuletea."

"Ndaga. Dada hajambo? Watoto?"

"Wote wazima."

"Mama yako alipita juzi. Hakukukuta. Anakusalimu sana."

"Nimezipokea, nitampigia."

Zote hizo! Na mlango wazi, jua linamwagika juu ya mikono yake. Salamu ilipokwisha, ikaisha kabisa kama inavyotakiwa, ndipo akasema taratibu, "Sasa jirani, nirudishie mlango." Ni mteja wangu mmoja, mwalimu, aliyeniambia jioni ile mkanda ukiona mwanga kabla ya kusafishwa unakuwaje. Nilirudi kwa Fundi kesho yake nikilia. Nikamwuliza kwa nini hakunifokea, kwa nini hakunisukuma nje. Akasema mkanda uliungua nilipofungua mlango, kabla hata sijasema Kamwene. Kwa hiyo kulikuwa na haja gani ya kuunguza na salamu?

Nikamwuliza za nani. Ndipo nikapewa kwa mara ya kwanza lile jibu lake. "Mwenyewe hajalalamika."

Wiki mbili baadaye aliniita. Nilidhani amebadili mawazo, anataka nilipe. Akanitanguliza kwenye kilekile chumba, akafunga mlango kwa komeo jipya, akawasha taa nyekundu. "Uliingia humu kama mwizi," akasema, "sasa ingia kama mgeni." Akachukua karatasi nyeupe, akaiwekea mwanga kupitia mkanda mwingine kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu, akaitumbukiza kwenye beseni la dawa. Karatasi nyeupe tupu. Akaanza kulitikisa beseni taratibu, upande huu, upande ule, kama mama anavyopepeta. Nikamwona mtu anakuja. Kwanza ukingo wa kofia. Halafu jicho. Halafu mzee mzima akatoka ndani ya maji akanitazama, na shingo yake na mikunjo yake yote. Jamani. Mimi nimeona mengi, nimezaa watoto wanne, nimeona na mvua ya mawe ikipasua bati. Lakini pale nilishika ukuta. Nilitaka kupiga magoti, na nisingeona aibu. Fundi akanong'ona, "Miaka arobaini sasa, na bado nashtuka." Nikaamini, kwa sababu hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama mzee.

Tangu siku hiyo sikumcheka tena na jiko lake.

Alikuwa na usemi wake: picha ni ya siku usiyokuwepo. Kwetu mtu akifa, picha yake inatangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba, na ndugu wengi hapo ndipo wanapokumbuka kuwa hawana picha. Wanakuja kwa Fundi mbio, macho mekundu. Na Fundi hakutupa mkanda hata mmoja. Masanduku ya bati, bahasha kwa bahasha, jina na kijiji. Nimemwona akimtoa baba wa watu kwenye picha ya kipaimara ya mtoto, baba kasimama nyuma kabisa, kichwa kama punje ya harage. Fundi akamkuza, akamsafisha, akatoka na sura kamili asubuhi, na wale ndugu wakalia upya kwa jinsi alivyofanana. Siku kama hizo alikuwa hali chakula mpaka msafara uondoke.

Ndiyo maana msiba wangu mwenyewe uliniuma mara mbili. Mama yangu alifariki miezi michache tu baada ya habari ile ya vitunguu, huko nyumbani jirani na Tosamaganga, kabla hawajamaliza kuvuna. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Ukimwinulia simu anageuka, anajifunika kanga. Tulikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho cha kura. Kaka yangu akaipeleka duka la kompyuta mjini wakaikuza. Kitambulisho chenyewe kilikuwa kimechubuka, na ile sura ilipokuzwa ikawa madoadoa matupu. Tulimzika mama nyuma ya madoadoa. Nilitembea mbele ya jeneza nimeyabeba, na watu wakaniuliza huyu ni nani.

Nilirudi kibarazani baada ya matanga, nikamlilia Fundi. Nakumbuka maneno yangu yote, na laiti ningeyasahau. Nikasema, "Angepita kwako hata siku moja tu! Anafika hapa, anakaa kwenye kiti changu, wewe uko mlango wa pili. Siku moja tu, Fundi!" Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi. Pole alikuwa ameshaisema mara nyingi. Aliweka kiganja chake juu ya benchi, kati yetu, akakiacha pale mpaka nilipomaliza kulia. Kisha akaingia studio akafunga mlango, na wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa.

Mimi, kwa ujinga wangu, nilinuna. Nikasema mtu huyu ana moyo wa jiwe kumbe.

Miaka ikaenda. Magoti yakamkataa, macho nayo yakaanza ukungu. Miaka miwili iliyopita binti yake alikuja na gari akamchukua kwenda kuishi naye Mbeya, upande wa Uyole. Masanduku ya bati yalijaza gari mpaka yeye mwenyewe akakaa amekumbatia chupa za dawa. Studio ikageuka duka la vifaa vya simu. Nilibaki na kibaraza na muziki wao. Maua yanayometameta yaliendelea kufika kila asubuhi, na ndivyo nilivyojua mzee yu hai.

Mwaka huu, mwezi wa tano, badala ya maua ikaja sauti. "Jirani. Njoo Mbeya. Kazi yako imekwisha." Nikaisikiliza mara tatu. Kazi gani? Mimi sikuwa na kazi kwake. Nikajua amezeeka, anachanganya watu. Lakini mtu kama yule akikuita unakwenda. Nilipanda basi alfajiri na kilo mbili za vitunguu.

Nyumba ya binti yake iko kwenye mteremko, mbele shamba la viazi, mbele zaidi milima. Baridi ile ilinikumbusha jiko la mkaa, na kweli, jiko lilikuwepo pale uani, na sufuria juu yake bado ina joto. Binti akanipokea, akanionyesha banda la bati pembeni. "Baba yumo mle. Anasafisha. Tangu asubuhi hajala."

Nikaenda. Mlango umefungwa. Nyufa zimezibwa kwa gazeti. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kusukuma, nikaurudisha, nikaushika kwa mkono mwingine. Nikasimama pale kwenye baridi, mwanamke mtu mzima, nikasalimia mbao.

"Kamwene, Fundi."

Ikaja sauti yake, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Kamwene, jirani. Za safari?"

"Njema. Hapa mmeshindaje?"

Tukasalimiana yote. Magoti, watoto, wajukuu, viazi, mvua, cherehani. Mlango kati yetu. Ikaisha, nikasubiri. Sijawahi kusubiri vile maishani mwangu. Kisha komeo likalia, akatoka, ameshika karatasi iliyolowa kwa pembe mbili.

Alikuwa mama yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Fundi, kitenge cha kanisani, kilemba kimekaa upande kama alivyokifunga siku zote. Hindi la kuchoma mkononi. Na alikuwa anacheka. Mama yangu, anayekimbia kamera, anacheka mpaka pengo la jino linaonekana, na kila mkunjo uko mahali pake. Upande wa kushoto wa picha palikuwa peupe, mwanga umeingia kutoka ukingoni ukameza bega lake na kipande cha pazia.

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo. Fundi akajishusha kwa shida, akakaa karibu nami.

"Alikuja kukuona, hukuwepo," akasema. "Akaniambia, nipige picha moja, usimwambie, nataka aikute ukutani siku ya Krismasi. Alikuwa wa mwisho kwenye mkanda ule. Wengine ilikuwa kwaya, niliwapiga upya. Mama yako nilimtumia salamu arudi. Akasema atakuja baada ya kuvuna."

Nikaipokea ile picha kwa mikono miwili.

"Mizunguko ya nje ya mkanda iliungua yote. Yeye alikuwa ndani kabisa, mwanga ulimgusa tu. Lakini palikuwa peusi kama mkaa. Ukiinua juani unaona kivuli cha mtu. Kila mwaka nilijaribu karatasi moja." Akamwita binti yake alete bahasha. Karatasi zilikuwa nane. Ya kwanza ukungu mtupu. Ya pili ukungu wenye kilemba. Ya tano unaona mtu, huoni nani. "Kuna dawa ya kuchuna weusi. Ila ukizidisha kidogo inamchuna na mtu, na huyu nilikuwa naye mmoja tu. Niliogopa miaka mingi, jirani. Mwaka huu nikaona macho yanakwisha. Nikasema bora niogope huku nafanya."

"Mbona hukuniambia?" Nilikuwa napiga kelele, Mungu anisamehe. "Miaka tisa, Fundi! Nilikulilia pale kwenye benchi!"

"Ningekwambia nini? Kwamba umemwunguza mama yako? Nikuachie neno hilo bila picha?" Akatikisa kichwa. "Nilitaka nikupe vyote kwa pamoja."

Nikamwambia basi ni kweli, nilimwunguza. Akasema hapana. Nilimchelewesha tu.

Baadaye, tukiwa tumekunywa chai, nikamwuliza mama alikuwa akicheka nini. Fundi akaanza kucheka kabla hajasema. "Nilimwuliza, huyu binti yako jirani yangu, alikuwaje utotoni? Mama akaacha kutafuna. Akasema, 'Yule? Yule hajawahi kungoja mlango ufunguliwe tangu azaliwe!' Ndipo nikapiga."

Picha iko ukutani kwangu sasa, mkabala na cherehani. Wateja wakija wanaisifu, maana hata asiyemjua mama anaanza kucheka naye. Halafu wananionyesha ule weupe wa upande wa kushoto. Wanasema, pole dada, picha nzuri hivi, hapa imeharibika. Nawaambia haijaharibika. Huyo ni mimi, naingia kuwasalimia.